Mafuta ya nazi yaganda, alizeti haina habari: mwongozo kamili wa nguvu za kati ya molekuli

Mwezi wa saba kusi ikishika, ingia jikoni uangalie chupa ya mafuta ya nazi. Usiku joto la hapa Mombasa linashuka mpaka nyuzi 21 hivi, na yale mafuta ambayo wakati wa kaskazi yalikuwa majimaji kabisa sasa ni meupe, yameshikana, wapindua chupa hayashuki. Hamna kitu kimetiwa wala kutolewa. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, chini ya hapo yanaganda, na chupa ya alizeti iliyo kando yake, rafu hiyohiyo baridi hiyohiyo, wala haina habari.

Ukielewa kwa nini hizo chupa mbili zimetofautiana ushamaliza nusu ya mada ya nguvu za kati ya molekuli, ile mada watoto wanaikariri sekondari na bado inawatoa jasho kwenye peipa. Mimi naona shida si ugumu, shida ni mpangilio, manake watu wanaanza na majina, dipoli, van der Waals, sijui nini, kabla hawajauliza swali lenyewe ambalo ni moja tu: hizi molekuli zimeshikana kiasi gani, na ni nini kinachozishikisha? Nimeipanga kwa hatua. Zifuate kwa mpangilio huo, usiruke, hasa ile ya kwanza ambayo kila mtu anaiona rahisi.

Hatua ya 1: tenga bondi ya ndani na mshiko wa nje

Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili. Zile bondi za ndani, oksijeni kwa haidrojeni, ni za kovalenti, yaani atomi zinagawana elektroni, na ni kali, kuvunja mole moja yake (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe) kunataka kilojuli 460 na kitu. Halafu kuna ule mshiko kati ya molekuli moja ya maji na jirani yake, huo ni kilojuli 20 hivi kwa mole. Angalia hiyo tofauti vizuri, moja ni zaidi ya mara ishirini ya nyengine.

Sasa ukiteleka chai na maji yakachemka, unavunja ipi? Ile ya nje. Mvuke unaotoka kwenye birika bado ni H2O mzimamzima, molekuli zimeachana tu. Lau kuchemsha kungekuwa kunavunja bondi za ndani, juu ya sufuria pangekuwa na haidrojeni na oksijeni zimechanganyika na moto uko chini yake, na kila anayepika chai Majengo alfajiri angekuwa ashalipukiwa.

Kwa hivo ukiulizwa kwa nini methani inachemka kwenye −161 usiandike ati "bondi za kovalenti ni dhaifu". Hizo si dhaifu. Mwalimu anayesahihisha akiona hiyo sentensi hata haendelei kusoma, na ana haki. Kuchemka, kuyeyuka, kuvukiza, kuganda, mnato, yote haya ni habari ya mshiko wa nje, na bondi za ndani haziguswi.

Hatua ya 2: hakikisha kwanza kwamba ni molekuli

Hii ni fupi. Chumvi ya Gongoni haina molekuli, ni ioni (chembe zenye chaji) za sodiamu na kloraidi zimepangana bila mwisho, ndio maana inayeyuka kwenye nyuzi 801. Mchanga wa pwani ya Nyali ule mweupe mwingi wake ni masalia ya matumbawe, lakini chukua mchanga wa kawaida wa silika, SiO2, huo nao ni jengo moja kubwa la bondi za kovalenti na unataka nyuzi 1,700 hivi kuyeyuka. Linganisha na kaboni dioksaidi, CO2, fomula zinafanana kabisa, lakini CO2 ni molekuli ndogondogo zilizo huru na kwenye −78 ishatoka ugumu ikawa gesi bila hata kupita umajimaji. Fomula peke yake haikwambii kitu. Ukiona chuma, chumvi au mchanga, huu mwongozo weka kando, huko ni kwengine.

Hatua ya 3: hesabu elektroni, halafu tazama umbo

Kila molekuli, iwe ya aina gani, ina elektroni, na elektroni hazitulii. Sekunde hii zimejazana upande huu, sekunde ile upande ule, kwa hivo molekuli inapata upande hasi na upande chanya kwa muda mfupi mno, na ile ya jirani inaathirika nayo inafanya vivohivo, zinavutana. Anayetajwa sana hapa ni Johannes van der Waals, Mholanzi, ambaye mwaka 1873 alionyesha kwamba gesi haziwezi kueleweka bila kukubali kwamba molekuli zake zinavutana, na akapata Nobel mwaka 1910. Hesabu ya huo mvuto wa muda aliifanya Fritz London mwaka 1930, ndio zikaitwa nguvu za London.

Kanuni yake: elektroni nyingi, mvuto mkubwa. Chukua familia ya haidrokaboni, molekuli za kaboni na haidrojeni tu, hakuna kingine ndani yake isipokuwa nguvu za London. Methani −161, ethani −89, propani −42, butani karibu na sifuri, pentani 36, heksani 69. Unaongeza kaboni moja tu kila mara na kiwango cha kuchemka kinapanda.

Watu wa Mombasa hii kitu tumeishi nayo. Pale Changamwe kiwanda cha kusafisha mafuta kilifanya kazi toka 1963 mpaka kikasimamisha usafishaji 2013, na kazi yake kubwa ilikuwa hii hatua ya 3: mafuta ghafi yanapashwa moto, yanaingia kwenye mnara mrefu, molekuli ndogo zisizoshikana sana zinapanda mpaka juu zikiwa gesi ya kupikia, halafu petroli, chini yake mafuta ya taa, chini dizeli, na zile molekuli kubwa zilizong'ang'aniana zinabaki chini kabisa, lami. Ile lami ya barabarani na gesi ya mtungi ni watu wa ukoo mmoja, kaboni na haidrojeni, kilichowatenga ni ukubwa.

Halafu umbo. Pentani iliyonyooka inachemka kwenye 36 na ndugu yake neopentani, fomula hiyohiyo C5H12, elektroni hizohizo, inachemka kwenye 9 na nusu. Neopentani imejikunja ikawa mpira, haina mbavu za kulaliana na mwenzake.

Hapo sasa rudi kwenye mafuta ya nazi. Molekuli za mafuta zina minyororo mirefu ya kaboni. Ya nazi mingi imenyooka, haina bondi mbilimbili, na ya alizeti ina bondi mbilimbili zinazoipinda katikati. Ukienda kununua boriti za mikoko za kuezekea, zile zilizonyooka zinapangika zikagusana toka mwanzo mpaka mwisho, zilizopinda kila moja inaacha nafasi. Minyororo ni hivohivo, iliyonyooka inagusana kwa urefu wote, nguvu za London zinapata pahala pa kushika, inaganda mapema. Ushahidi mzuri ni asidi mbili za mafuta zenye kaboni 18 kila moja: asidi stiariki iliyonyooka inayeyuka kwenye 69, asidi oleiki yenye pindo moja tu inayeyuka kwenye 13 au 14. Pindo moja, nyuzi hamsini na tano zimeenda. Na ukiuliza mbona basi ya nazi yenyewe haigandi kwenye 69, ni kwa sababu minyororo yake mingi ni mifupi, karibu nusu yake ni asidi loriki yenye kaboni 12. Mimi hii huwa nawaambia watu ni swali zuri la mtihani ambalo hata halijulikani kama ni la mtihani.

Hatua ya 4: je, molekuli ina upande?

Kuna atomi zenye tamaa ya elektroni, florini ndio ya kwanza, oksijeni, nitrojeni na klorini ziko nyuma yake. Zikishikana na atomi isiyo na tamaa hiyo elektroni zinavutwa upande mmoja daima, si kwa muda kama kule kwa London. Molekuli hiyo inakuwa polari, ina ncha chanya na ncha hasi (ndiyo dipoli), na ncha chanya ya hii inavuta ncha hasi ya ile.

Asetoni, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, uzito wake wa molekuli ni 58. Butani pia ni 58. Butani inachemka kwenye sifuri kasoro, asetoni kwenye 56. Hiyo tofauti yote imeletwa na oksijeni moja iliyokaa upande.

Ila angalia umbo kabla hujaandika "polari". CO2 ina oksijeni mbili zenye kuvuta, lakini moja yavuta kulia na moja kushoto kwenye mstari ulionyooka, zinauana. Maji yamepinda, pembe ya nyuzi 104 na nusu, hayauani.

Hatua ya 5: tafuta haidrojeni iliyokamatwa na N, O au F

Hapa ndipo panaponoga. Haidrojeni ina elektroni moja tu, ikikamatwa na nitrojeni, oksijeni au florini hiyo elektroni inavutwa mpaka haidrojeni inabaki karibu uchi, na kwa vile ni ndogo sana inasogea mpaka karibu kabisa na oksijeni ya jirani. Hiyo ndiyo bondi ya haidrojeni. Iko nje ya molekuli, usidanganywe na hilo "bondi".

Ethanoli na dimethili itha zote ni C2H6O, atomi zilezile idadi ileile, zimepangwa tofauti tu. Ethanoli ina OH, yaani haidrojeni iliyoshikwa na oksijeni, itha haina. Itha inachemka kwenye −24, ni gesi. Ethanoli kwenye 78. Zaidi ya nyuzi mia kwa sababu ya haidrojeni moja imehamia kwa oksijeni.

Na maji. Weka familia yake kwenye mstari: haidrojeni teluraidi −2, selenaidi −41, salfaidi (ile gesi ya harufu ya mayai viza) −60, zinashuka vizuri kadri molekuli inavyopungua, ukiendeleza huo mstari maji yangechemka chini hata ya hapo, na Bahari ya Hindi isingekuwepo, ingekuwa hewa. Yanachemka kwenye 100.

Kuna swali wanalipenda: florini ina tamaa kuliko oksijeni, mbona HF (haidrojeni floraidi) inachemka kwenye 20 hivi na maji 100? Hesabu. Molekuli ya maji ina haidrojeni mbili na pea mbili za elektroni zilizo wazi, inaweza kushikana na majirani wanne. HF ina haidrojeni moja tu, kwa wastani inapata wawili. Mshiko mmoja mmoja wa HF ni mkali zaidi, lakini maji yana mingi.

Hatua ya 6: usikariri ile ngazi

Karibu kila kitabu kina ngazi: London dhaifu, dipoli wastani, bondi ya haidrojeni kali. Si uongo ukilinganisha molekuli za ukubwa mmoja. Lakini wanafunzi wanaichukua ikawa sheria, na hapa ndipo alama zinapomwagika.

Angalia. HCl (haidrojeni kloraidi) ni polari kuliko HI (haidrojeni ayodaidi), kwa ngazi hiyo HCl ingechemka juu. Kumbe HCl ni −85 na HI ni −35. HI ina elektroni 54, HCl ina 18, London ameshinda. Klorofomu ni polari, inachemka kwenye 61, kaboni tetrakloraidi si polari hata kidogo na inachemka kwenye 77. Iodini haina upande wowote na ni kitu kigumu hapo mezani kwako, ina elektroni 106 kwa molekuli, wakati florini yenye 18 ni gesi mpaka −188. Mshumaa je? Hauna bondi ya haidrojeni hata moja na uko imara, maji yenye bondi zote hizo yanamwagika.

Na kama hujaamini angalia juu ya dari. Mjusi kafiri anatembea kichwa chini, hana gundi, hana kucha za kushika rangi ya ukuta. Nyayo zake zina vinywele vingi mno vidogo, na kila kinywele kinagawanyika kwenye ncha mamia kwa mamia, na mwaka 2002 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba kinachomshika ni nguvu za van der Waals, ukoo wa hizi za London, hizi hizi tunazoita dhaifu. Dhaifu moja moja. Zikiwa mamilioni zinabeba mjusi na nondo mdomoni.

Kwa hivo kanuni yangu: molekuli zikiwa sawa kwa elektroni, angalia upolari na bondi za haidrojeni. Zikiwa mbali kwa elektroni, mpe London nafasi ya kwanza kisha uone kama kuna kitu cha kumpindua.

Hatua ya 7: jaribu nyumbani

Vitu: maji, spiriti ya kusafishia vidonda, asetoni, mafuta ya kupikia, gliserini (kemisti wanauza kichupa), manjano ya unga, sarafu, vipande vya kioo au sahani. Kabla ya yote zima jiko, fungua madirisha, spiriti na asetoni mvuke wake unadaka moto hata ukiwa mbali, na moto wa spiriti wenyewe mchana hata hauuoni. Na spiriti ni sumu, isiachwe pahala mtoto anafika.

Kwanza mbio za kukauka. Tia tone moja moja la asetoni, spiriti, maji na mafuta kwenye sahani kavu, uangalie yupi anapotea mwanzo. Asetoni inaondoka karibu papo hapo, spiriti inafuata, maji yanakaa, mafuta kesho utayakuta. Andika sababu ya kila moja ukitumia hatua ya 3 mpaka ya 5, hiyo ndio kazi yenyewe, si kuangalia. Mafuta yasikuchanganye, hayana OH lakini molekuli zake ni kubwa mno.

Pili sarafu. Weka sarafu ya bob kumi bapa, tia maji tone kwa tone kwa dropa. Maji yatapanda yafanye kilima juu ya sarafu kabla hayajamwagika. Rudia kwa spiriti, itamwagika mapema, kilima chenyewe kidogo. Mvutano wa uso wa maji ni milinyutoni 72 kwa mita, wa ethanoli, ile pombe ya kwenye spiriti, 22. Halafu chovya ncha ya kijiti kwenye sabuni ya maji uguse kile kilima cha maji, kinaanguka, manake sabuni inajipanga juu na kukata mshiko wa molekuli za maji pale usoni.

Tatu mnato. Mimina gliserini na spiriti kwenye sahani mbili zilizoinama. Gliserini ina OH tatu kwa kila molekuli, inachemka kwenye 290, inatambaa kwa uvivu. Ipashe kidogo ndani ya maji ya moto uimimine tena, itakimbia, joto linazipa molekuli mwendo wa kushinda mshiko.

Nne, ninayoipenda, manjano. Tia chembe za manjano kwenye glasi tatu: maji, spiriti, mafuta. Kwenye maji yataelea na kuzama bila kuyeyuka vizuri, kwenye spiriti rangi inatoka kali, mafuta nayo yanapata umanjano. Rangi ya manjano ni molekuli ya kakumini, kubwa, mwili wake mwingi haupendani na maji. Maji yameshikana yenyewe kwa yenyewe, ili yamkaribishe mgeni lazima yavunje bondi zao na mgeni hana cha kuwalipa. Chumvi ina cha kulipa, ioni zake zinavutana na ncha za maji, sukari ina OH nyingi, kakumini hana cha kutosha. Pilipili ni vivohivo, ukila viazi karai na pilipili kali ukanywa maji unahamisha moto tu mdomoni, kunywa maziwa.

Na hapo ndio unajua jinsi ya kukabiliana na doa la biriani kwenye kanzu. Usianze na maji ya moto. Kwangua kilichobaki juu, tia sabuni ya maji ya vyombo kavu bila maji, sugua taratibu, hiyo inachukua mafuta manake sabuni ina mkia wa kupendana na mafuta na kichwa cha kupendana na maji. Suuza. Rangi iliyobaki iguse na pamba iliyolowa spiriti, jaribu kwanza kwenye upindo wa ndani uone kitambaa hakiharibiki, geuza pamba kila ikijaa rangi. Ukitumia sabuni ya mche doa litageuka jekundu ghafla, usipige kelele, ni alkali ya sabuni imegusa manjano, ukisuuza inarudi. Kisha ianike juani. Jua la saa saba la Mombasa linamalizia kilichobaki, na hapa, angalia, jua halitoi molekuli pahala pake, linavunja bondi zake za ndani, rangi inakufa. Hiyo ni badiliko la kikemia, kule tulipokuwa tunasugua na kusuuza tulikuwa tunahamisha tu.

Hatua ya 8: isome nyumba yako

Mtungi wa gesi. Ukiutikisa unasikia kitu kinacheza ndani, ni propani na butani zikiwa majimaji, kwenye joto la nyuzi 28 ambalo kikawaida zote ni gesi. Presha imezisogeza karibu mpaka nguvu za London zikapata kuzikamata. Butani peke yake inataka presha ya karibu mara tatu ya hewa ya kawaida, propani mara kumi hivi, kwa hivo mtungi unaishi katikati. Ukipikia shughuli, jiko kubwa saa nzima, shika chini ya mtungi: baridi, na nje umetoka jasho. Ili majimaji yawe gesi molekuli lazima ziachane, kuachana kunataka joto, joto linatoka kwenye majimaji yenyewe na chuma cha mtungi. Watu wakiona moto unapungua wanautia mtungi kwenye beseni la maji yanayochemka. Usifanye. Joto hilo linapandisha presha ya ndani, punguza moto tu uusubiri urudi.

Jasho la kaskazi. Kilo moja ya maji kuitoa kwenye sifuri mpaka 100 inakula kilojuli 420 hivi, kuigeuza mvuke hapo kwenye 100 inakula 2,260 zaidi. Ndio sababu jasho likikauka linapoza mwili sana. Lakini mwezi wa pili hapa hewa ishajaa mvuke, molekuli moja yatoka kwenye ngozi nyengine yarudi, jasho linakaa palepale linakuudhi tu. Mtungi wa udongo wa maji ya kunywa nao siku hizo haupozi sana kwa sababu hiyohiyo. Spiriti ukijipaka unasikia baridi kuliko maji, na watu wanadhani ethanoli inakula joto zaidi, hapana, inakula kilojuli 840 tu kwa kilo, ila inaondoka haraka, unatozwa kwa mkupuo.

Barafu. Maji yakiganda kila molekuli inajipanga na majirani wanne kwa mapengo, yanachukua nafasi zaidi kama asilimia 9. Chupa ya kioo uliyoijaza ukaiweka friza itapasuka. Mafuta ya nazi yakiganda ni kinyume chake, yanapungua, angalia pale katikati yanabonyea.

Mchanga wa ufuo wa Pirates saa nane mchana unakimbiza watu na maji ya bahari hatua tano mbele ni vuguvugu tu. Kilo ya maji kuipandisha nyuzi moja ni kilojuli 4.2, ya mchanga ni 0.8 hivi. Sehemu kubwa ya joto la maji inaishia kulegeza bondi za haidrojeni.

Hatua ya 9: namna ya kujibu

Chukua vitu vinne: butani inachemka kwenye −0.5, asetoni 56, propanoli iliyonyooka 97, asidi ethanoiki (ile ya siki) 118. Hesabu elektroni: 34, 32, 34, 32. Uzito ni 58, 58, 60, 60. Kwa hivo London ni karibu sawa kwa wote, liandike hilo mwanzo, watu wengi wanaliruka na lina alama. Butani haina zaidi ya London. Asetoni ni polari, ina oksijeni lakini haidrojeni zake zote zimeshikwa na kaboni, kwa hivo zenyewe kwa zenyewe hazina bondi ya haidrojeni. Propanoli ina OH. Asidi ethanoiki ina OH na oksijeni nyengine kando, molekuli mbili zinashikana pahala pawili kwa mpigo zinakuwa pea. Malizia kwa kutaja joto: mshiko ukizidi, nishati zaidi inahitajika kuzitenganisha. Usitaje kuvunja kovalenti popote.

Sasa jifanyie hii. Kulanti ya radieta kwenye matatu ina ethilini glaikoli, C2H6O2, uzito 62, elektroni 34, OH moja kila mwisho. Inachemka kwenye 197, nyuzi mia juu ya propanoli yenye uzito wa 60. Andika mistari minne kwa nini, na mstari wa tano useme kwa nini inachanganyika na maji bila kujitenga wakati mafuta ya injini hayachanganyiki.